Chumba Kisicho na Mlango

Mwelu Kyule alikuwa mtu wa kurudisha kitu mahali alipokitoa. Ukimwazima sufuria, ingerudi imesuguliwa hadi chini, na mara nyingi ingekuwa na kitu ndani, ndizi mbili au kipande cha boga, kwa sababu kwao Machakos alilelewa hivyo. Kwa hiyo Javan Shitanda, mwenzake wa kazi, alipotoa sheria kwamba kila atakayetoa faili Chumbani airudishe, na akishairudisha afute nakala aliyobaki nayo nyumbani, wengine walinung'unika lakini Mwelu hakuona ugumu wowote. Alifuata sheria kama ilivyosemwa, na hapo ndipo maumivu yake yalipoanzia.

Chumba chenyewe hakikuwa na kuta wala mlango. Kilikuwa ndani ya kompyuta moja katika ofisi ya taasisi yao mjini, kompyuta iliyounganishwa na laini ya simu. Mwelu alikuwa mwalimu wa chuo, na kwake Buruburu alikuwa na kompyuta aliyoazimwa na taasisi. Akichomeka waya wa simu kwenye kijisanduku kinachoitwa modemu, kijisanduku kililia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha maandishi yakatokea kwenye kioo. Hapo alikuwa ameingia Chumbani. Mbele yake ulikuwepo ubao wa kuandikiana, na chini ya ubao faili moja tu, ripoti yao. Javan aliingia humo kutoka Baba Dogo, alikokuwa na maabara ndogo ya kupimia maji. Akech Obura, kiongozi wao, aliingia kutoka Eldoret alikohamia kufundisha, siku ambazo laini za mbali zilikubali.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, na watu wengi mtaani hawakuwa wameona jambo la namna hiyo. Kivuva, mumewe Mwelu, karani wa forodha aliyependa utani kuliko chai, alizoea kusimama mlangoni mwa sebule na kumwangalia.

"Mama Kavinya," alisema, "mimi nilioa mke mmoja, na nikajua tuko wawili. Sasa naona humu ndani tuko wanne, na wawili hata chai hawanywi."

"Wape muda, watakunywa," Mwelu alimjibu bila kugeuka.

Kazi iliyowakutanisha ilikuwa ya maji ya Mukuru kwa Reuben. Watoto wa huko walikuwa wanaharisha, na halmashauri pamoja na mashirika fulani walitaka kujua kwa nini kabla ya mkutano wao wa Jumatano. Javan alipima maji bombani na kwenye mitungi ya nyumbani. Mwelu aliongea na akina mama. Akech aliunganisha vipande hivyo viwili viwe ripoti moja.

Mwanzoni kila mtu alikaa na nakala yake, na siku moja Akech alijikuta na ripoti tatu zenye jina moja na hesabu tofauti. Ndipo ikaja ile sheria ya Javan ya faili moja tu, bila nakala za pembeni. Akech naye akaongeza ya kwake.

"Hata kama hakuna mlango," aliandika ubaoni, "sisi si watu wa kuingia bila hodi. Anayetaka faili aandike Hodi. Aliye nayo akishairudisha ajibu Karibu. Asiyejibiwa angoje nje na mvua imnyeshee."

Walicheka, kila mmoja kwake, na sheria ikashika. Kwa miezi kadhaa ilifanya kazi vizuri kuliko walivyotarajia. Javan alipiga hodi, Mwelu akamkaribisha. Mwelu alipiga hodi, Akech akamkaribisha na kumuulizia mafua yake. Watu waliokaa mbalimbali na kuonana kwa nadra walianza kujuana kwa namna ya kuandika. Mwelu alijua kwamba Javan akichoka huacha kuweka nukta. Alijua pia, kwa kuwa aliliona mara nyingi, kwamba Javan alisahihisha makosa yake ya uchapaji kimyakimya, bila kumtajia hata moja.

Lakini jambo moja halikukaa sawa kati yao. Javan aliamini namba. Sehemu ya akina mama aliiita hadithi. "Hadithi ni nzuri," aliandika safari moja, "ila zisiwe ndefu kuliko kipimo."

Wiki ya likizo ya chuo, Mwelu aliichukua faili na kukaa nayo. Alikuwa na kanda za mazungumzo alizorekodi kwa kinasa sauti alichoazimwa na taasisi, na kila alichosikia alikipiga moja kwa moja kwenye faili. Akimaliza kanda moja, aliirudisha ofisini, nao wa taasisi wakairekodia mambo mengine, kwa kuwa kanda zilikuwa chache na watafiti wengi. Iliandikika vizuri sehemu ile. Akina mama walikuwa wameeleza jinsi mabomba ya plastiki yanavyopita mitaroni na kupasuka, jinsi maji yanavyokatwa siku nyingi na kuja kwa ghafla, na kwa nini mtu analazimika kuyaweka mtungini hata yakikaa. Nabiswa, mama aliyefua nguo za watu kando ya njia, alikuwa ameeleza kifo cha mtoto wake. Alieleza akiwa amegeuza uso, na Mwelu hakumharakisha.

Alipokuwa ukurasa wa mwisho, aliingia Chumbani mara moja kutazama ubao. Alikuta Javan ameandika: "Hodi. Umemaliza?" Mvua ilikuwa inatishia na laini ikikwaruza. Mwelu aliandika neno moja, akakata simu, akarudi kwenye kazi yake. Jioni ile alirudisha faili, na kama mtu mwaminifu akafuta nakala yake.

Jumamosi asubuhi aliifungua ripoti apitie kwa mara ya mwisho. Alitelemka ukurasa kwa ukurasa, na alipofika sehemu yake akakuta kichwa cha habari na mistari michache ya zamani, ile ya kuanzia. Wiki nzima ilikuwa haipo. Juu ya hiyo mistari, hesabu za Javan zilikuwa zimepangwa upya vizuri sana, na jina lake lilionyesha kuwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kushika faili.

Mwelu alikaa akiangalia kioo. Kivuva alimwekea kikombe cha chai kikapoa, akakichukua akakipasha moto, akakirudisha tena. Mwishowe akauliza.

"Kuna nini, Mama Kavinya?"

"Javan amezifuta hadithi."

Alieleza, na Kivuva safari hii hakutania. Kilichomuumiza Mwelu si jasho lake peke yake. Aliposoma ripoti jinsi ilivyobaki, aliona inavyosema. Ilisema maji ni safi bombani na yanachafuka yakifika nyumbani. Basi. Mtu wa halmashauri akisoma hivyo Jumatano, angefunga faili na kusema akina mama wa Mukuru ni wachafu, wafundishwe kunawa. Na wale akina mama ndio aliowaahidi kwamba maneno yao yatafika mkutanoni.

Aliingia Chumbani na kumwandikia Akech kwamba anajitoa. Atachukua yaliyo yake, kama yapo, na jina lake liondolewe. Bahati ilikuwa njema, kwa sababu laini ya Eldoret ilikubali, na jibu likaja baada ya muda mfupi.

"Dada yangu," Akech aliandika, "jina lako siondoi leo. Ripoti naipeleka Jumatatu jioni, si mapema. Nenda kwa Javan. Si humu. Nenda kwake kwa miguu yako."

"Sasa huyo Akech ana akili," Kivuva alisema akisoma nyuma ya bega lake. "Mtu akikuumiza kwenye waya, huwezi kuona uso wake. Labda analia na wewe hujui."

"Au anacheka."

"Basi ukimkuta anacheka, rudi uniambie, nitamwendea mimi."

Mwelu alifika Baba Dogo baada ya chakula cha mchana, viatu vyake vikiwa vimejaa tope la njia ya viwandani. Hakuwahi kufika kwa Javan. Alibisha, na mlango ukafunguliwa na mwanamke mnene mwenye leso kichwani, ambaye ndiye Kezia, mkewe Javan.

"Ni wewe Mwelu wa kwenye simu?" Kezia aliuliza alipomtajia jina, kisha akapiga makofi. "Ingia, ingia mama! Mimi kila siku nasikia Mwelu ameandika, Mwelu amejibu. Nilidhani ni kasichana fulani ka mjini. Nimekosa usingizi bure kwa mama mzima kama mimi!"

Mwelu alikuwa amekuja na hasira yake tayari mdomoni, lakini Kezia aliona vile viatu, akaleta beseni la maji na malapa yake mwenyewe, akainama kumfungulia kamba kabla Mwelu hajakataa. Ni vigumu kugombana na watu ambao mmoja wao anakuosha tope. Alipotokea Javan, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, Mwelu aliongea kwa sauti ya chini kuliko aliyoipanga.

"Javan, kwa nini ulifuta sehemu ya akina mama?"

"Kufuta?" Alimwangalia kama hajasikia. "Sikufuta kitu. Nilidhani umeamua kuiacha fupi."

"Niifanye fupi wiki nzima?"

"Lakini Mwelu, nilipiga hodi. Wewe mwenyewe ukanikaribisha."

"Sikukukaribisha."

Javan hakubishana. Alikaa kwenye kompyuta yake kwenye kona ya chumba, akachomeka waya, na paka yule akalia hata huku. Alipoufikia ubao aliusoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma mbele ya hakimu.

"Javan: Hodi. Umemaliza? Mwelu: Karibu."

Mwelu alilisikia neno lake likitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Uliniuliza kama nimemaliza."

"Ndiyo."

"Nikakujibu. Karibu. Karibu nimalize, Javan! Bado kidogo!"

Javan alivua miwani. Kwa siku ile yote alikuwa ameishika faili ya zamani iliyobaki Chumbani, akaifanyia kazi yake kwa bidii, na kesho yake alipoirudisha ikakalia ile ya Mwelu, kwa kuwa zilikuwa na jina moja. Hakuna aliyefuta. Neno moja lilikuwa limefungua mlango ambao haukuwepo.

Kezia ndiye aliyeanza kucheka, na alipojaribu kujizuia ilikuwa mbaya zaidi. "Baba Ayuma! Nikiwa jikoni ukaniuliza ugali umeiva, nikikwambia karibu, utakuja na sahani?"

"Nitakuja," Javan alisema kwa unyonge.

"Ndiyo maana kila siku unaketi mezani ukitazama ukuta!"

Mwelu alicheka pia, machozi yakimtoka, na hakujua yapi yalikuwa ya kicheko. Lakini kicheko kilipoisha, wiki ile ilikuwa bado haipo. Javan alikuwa ameshika miwani yake mkononi, akiipindapinda.

"Nikisema kweli," alisema, "nilipoona sehemu yako ni fupi, nilifurahi. Ningeweza kuandika ubaoni kukuuliza. Sikuuliza kwa sababu nilipenda nilichokiona."

Ni nadra watu kujitolea kusema maneno ya namna hiyo wakati hakuna anayewalazimisha. Mwelu aliyapokea. Kisha akamwomba asome ripoti jinsi ilivyobaki, kwa sauti, kama alivyosoma ubao. Javan alisoma. Alipofika mahali pa maji kuchafuka nyumbani, Mwelu alimsimamisha.

"Nani anakaa nyumbani, Javan?"

Javan alirudia sentensi ile kimoyomoyo, midomo ikisogea. Kezia, aliyekuwa akimimina chai, alijibu badala yake.

"Mama. Nani mwingine?"

"Lakini hesabu si za uongo," Javan alisema.

"Sijasema ni za uongo. Nimesema hazijaisha."

Walikunywa chai. Javan aliuliza kama Mwelu anayakumbuka waliyosema wale akina mama, ayaandike tu. Mwelu alikumbuka mengi. Lakini alikataa, kwa sababu kukumbuka kwake kungekuwa maneno yake yeye, na yeye hakai Mukuru. Na kurudi kuwauliza tena kulimtisha kuliko kitu kingine chochote. Wengine wangesema tena bila shida. Nabiswa je? Unamwendeaje mtu aliyekutolea kidonda chake, umwambie umekidondosha njiani, akuonyeshe tena?

"Kesho ni Jumapili," Javan alisema. "Twende wote."

"Na kanisa?" Mwelu aliuliza, akimtazama Kezia.

"Mungu anajua Mukuru iko wapi," Kezia alisema. Akainuka kwenda kutafuta gambuti za mumewe za kukanyagia tope.

Kesho yake walikutana barabarani karibu na viwanda, wakaingia Mukuru kwa miguu. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, na nguo zilianikwa juu ya kila kitu kilichoweza kubeba nguo. Javan alikuwa amewahi kufika huko mara nyingi na chupa zake za kupimia, lakini alikuwa akichota maji na kuondoka. Watu walimwita Daktari wa Mitungi.

"Daktari wa Mitungi, niaje!" kijana mmoja alimwita. "Leo umekuja bila chupa? Umepoteza kazi?"

"Karibu nipoteze," Javan alijibu, na Mwelu akamkata jicho, wakacheka kidogo, kwa woga.

Akina mama wengine waliongea kwa wepesi, wengine wakiwa na furaha ya kuulizwa mara ya pili. Javan aliandika kwa mkono, Mwelu akauliza. Hata hivyo miguu yao ilizidi kuwa mizito kadiri walivyokaribia mahali pa Nabiswa. Walimkuta ameketi kwenye kigoda, mikono ikiwa katika karai la povu.

"Mwalimu," alisema. "Umepotea. Maneno yetu yamefika?"

"Bado, mama," Mwelu alisema. "Tumekuja kukuomba uyaseme tena."

Mikono ya Nabiswa ilisimama ndani ya povu. "Si nilishasema?"

"Ulisema."

"Uliandika?"

"Niliandika. Yakapotea."

Nabiswa alimtazama Mwelu, kisha akamtazama Javan, aliyekuwa amesimama na gambuti zake kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. "Nani alipoteza?"

Mwelu aliona Javan akivuta pumzi ili ajitaje. Alijua angesema kosa ni lake, na kwamba ingekuwa kweli kwa upande mmoja. Ingekuwa rahisi sana kumwacha alibebe peke yake. Yeye angebaki mwalimu mwema mbele ya mama huyu, na baada ya hapo wangeendelea kupigiana hodi kama watu wasiojuana.

"Sisi," Mwelu alisema haraka. "Tuliyapoteza sisi wawili. Hatukuelewana."

Javan alitoa ile pumzi.

Nabiswa alikung'uta povu mikononi. "Mtu akinipa nguo yake nifue, nikaipoteza, mngenifanya nini?"

"Tungekasirika," Javan alisema.

"Haya. Nimekasirika." Aliwaonyesha ndoo mbili zilizopinduliwa. "Kaeni chini."

Walikaa. Kwa muda alifua tu, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akaanza, na hakuanza pale alipoanzia mara ya kwanza. Alianza na bomba. Alisema jinsi lilivyopasuka nyuma ya choo na likakaa hivyo, jinsi walivyolifunga kwa mpira wa baiskeli, na jinsi maji yalivyorudi baada ya siku nyingi yakiwa na rangi ya chai nyepesi, kila mtu akajaza alichonacho kwa kuwa hakuna aliyejua yatakuja tena lini. Javan aliandika haraka. Alimuuliza swali la maabara, kama mtungi ulikuwa na kifuniko.

"Ulikuwa nacho. Nilifunika vizuri. Nilikuwa nafunika uchafu ndani, si ndiyo?"

Javan hakuandika jibu hilo mara moja. Alilifikiria kwanza. Jumatatu, wakiwa wameketi bega kwa bega kwenye kompyuta yake Baba Dogo, Kezia akiwaletea viazi vitamu na Akech akingoja upande wa Eldoret, yeye mwenyewe ndiye angesema kwamba sentensi hiyo ikae juu kabisa, kabla ya jedwali lake la kwanza. Na ndivyo ripoti ilivyokwenda mkutanoni, ikiwa na majina yao matatu.

Lakini siku ile ya Jumapili alikuwa bado ameinamia magoti yake, na Nabiswa alikuwa amefika kwa mtoto. Alieleza usiku mmoja na asubuhi moja, kwa maneno machache kuliko mara ya kwanza. Alipomaliza alishika shati la mtu, akalikamua kwa nguvu zake zote.

Mwelu alikuwa na swali la kufuata. Lilikuwa tayari, kwa sababu alijua kazi yake. Akamwona Javan ameinua uso, akalizuia.

"Aliitwa nani?" Javan aliuliza.

Mwelu hakuwa ameuliza hilo. Utafiti wao hauandiki majina ya watoto, na yeye alifuata sheria.

"Wekesa," Nabiswa alisema. Akalirudia tena, kama mtu aliyekaa muda mrefu bila kuulizwa. "Wekesa. Alizaliwa wakati wa mavuno, na alikuwa mcheshi huyo, wee!"

Javan aliweka kalamu chini, akaifunika karatasi kwa kiganja chake, na wote wawili wakasikiliza.